Riwaya ile ile, mara ya saba

Jumanne, Mutanga Sud

Je, ninarudia vitabu nivipendavyo kwa raha au kwa woga? Nimejiuliza hivyo tangu chuo kikuu.

Leo mdogo wangu Consolate, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, amenikuta na riwaya yangu ya zamani.

"Yaya, njo ile ile? Haukuimaliza?"

"Mara sita."

"Sasa unatafuta nini mu ndani? Ule bwana atarudi tu vile alirudi!"

Nilicheka. Raha ipo kweli: najua anarudi, na bado moyo hunidunda anapobisha hodi.

Lakini Alhamisi daktari atanipa majibu ya uvimbe wa titi, na kitabu kipya alichoniletea Consolate nimekianzia ukurasa wa mwisho.

Basi ni woga? Sina hakika. Ili nijue, ningelazimika kusoma siku nisiyoogopa chochote, na siku ya namna hiyo, hata kabla ya uvimbe, siikumbuki.