Kiraka Nilichokaa Nacho Mfukoni

Jumamosi, Mikumi. Manyunyu tangu asubuhi. Nimelia mpaka pua imeziba.

Jumatano, hapa hapa kwenye intaneti kafe, nilisoma kwamba mfumo endeshi wa kompyuta nyingi una tundu, na tayari kuna wahalifu wanaopita humo. Huhitaji kubonyeza chochote. Ukiunganisha mtandao tu wanaingia, wanazifunga faili zako. Kiraka, yaani programu ndogo ya kuziba tundu hilo, kilikuwa kimeshatolewa. Nilikipakua kwenye flashi yangu nikimfikiria mtu mmoja.

Mwalimu Semwali ni mstaafu, alimfundisha hata baba yangu. Kwa miaka mingi amekusanya maneno ya Kisagara kwa wazee wa Lumuma. Mchwa walipoanza kula madaftari yake, aliyahamishia maneno yote kwenye kompyuta kabla hawajayamaliza.

Alhamisi nilikwenda kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Enhe?"

"Nimekuja kukusalimia tu."

Ningeanzaje? Mimi wa kidato cha tatu, nimwambie mwalimu wa baba yangu kwamba hajui kutunza kitu chake?

Jana nilirudi. Akacheka. "Wewe binti, jana salamu, leo salamu. Au unamtafuta mjukuu wangu? Yuko Morogoro huyo."

Nikaona aibu, nikacheka, nikaondoka. Flashi ilikuwa mfukoni mwa sketi.

Leo asubuhi ameniita mwenyewe. Faili zote zilikuwa na majina ya ovyo, hakuna iliyofunguka, na kwenye kioo kulikuwa na tangazo la Kiingereza la kudai malipo. Nilichomoa modemu. Nikamuuliza nakala iko wapi. Akanionyesha flashi yake, imechomekwa pale pale. Nayo imefungwa.

"Sasa utaitengeneza?" aliuliza.

"Mashine itapona, Mwalimu. Maneno hayatarudi."

Kisha akaniambia kuhusu Bi Sikitu wa Lumuma, aliyempa jina la ule ukungu unaokaa mlimani mpaka jua la saa sita. Mwalimu alimwahidi kwamba halitapotea. Bi Sikitu amefariki, na yeye mwenyewe halikumbuki tena. Alijaribu kulitamka mara mbili, akaacha.

"Hakukuwa na cha kuzuia haya?"

Ningeweza kudanganya. Nilitoa flashi yangu, nikaiweka mezani.

"Kilikuwepo. Ninacho tangu Jumatano."

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Alisema tu, "Nenda nyumbani, mama yako asije akakutafuta," akageukia dirishani.

Sikwenda nyumbani. Nilipita zahanati ya jirani, nikamwambia nesi achomoe modemu, nikamwambia kabla hata ya kumwamkia. Alinitazama kama mtoto asiyelelewa, lakini akachomoa. Tuliweka kiraka pamoja. Mashine yao ilikuwa bado salama.

Sikufurahi.

Niliuita woga wangu heshima. Ilikuwa rahisi kwa sababu vinafanana sana kwa nje.

Mdogo wake Bi Sikitu aliolewa Kisanga. Kesho nitakwenda na daftari nimuulize ule ukungu wanauitaje. Wanasema siku hizi anasahau hata majina ya watoto wake.