Mtawa Aliyepita Katikati ya Bunduki

Jumapili, jioni

Binti yangu Neema ameunganisha viganja sasa hivi, akamwinamia mbuzi kama yule mtawa wa Kibudha kwenye filamu fupi tuliyoitazama mchana kwenye simu.

Mtawa alipita mikono mitupu katikati ya majeshi mawili, akiwaomba askari waache vita. Moyo ule mtu anautoa wapi?

Mama mkwe alikimbia vita Burundi. Hajawahi kunywa pombe ya ndizi chungu kimoja na jirani yetu Simoni, maana ndugu zake Simoni walikuwa upande wa pili wa vita ile. Filamu ilipoisha akasema, "Yule kapita kwenye bunduki, mimi nishindwe na migomba inayotutenga na Simoni? Kamwite."

Simoni amekuja. Wamekaa, chungu cha pombe katikati. Naogopa mama mkwe asije akaghairi, maana...

Ananiita nilete mirija ya kunywea. Miwili! Watakunywa chungu kimoja! Mungu wangu, ngoja niipeleke—