Karatasi Aliyoila Chura

Saigon, 2 Julai 1963

Dada Thoa,

Salamu kwako, kwa shemeji Lực na kwa mtoto. Mimi mzima.

Dada, umesikia habari za mzee wetu aliyejitoa kwa kujichoma moto mwezi uliopita, serikali iache kututesa kwa ajili ya dini yetu. Nimeomba nimfuate. Mkuu wa hekalu kanijibu: "Aliyekuruhusu kuvaa kanzu ya utawa ndiye wa kuulizwa." Mama hayupo, na wewe ndiye uliyetia sahihi. Karatasi ni hii. Tia sahihi tena, unirudishie.

Mdogo wako,
Khiêm

Sa Đéc, 11 Julai 1963

Mdogo wangu Khiêm,

Sisi hatujambo. Mtoto ana meno manne, na bado tunamwita Chura, mashetani wakisikia jina baya wasimtamani. Nguruwe wananona kwa makapi ya unga wa mchele.

Barua yako niliisoma mara tatu, maana mimi na kusoma unatujua. Lực alitaka kuitupa jikoni, nikamnyang'anya. Simdharau yule mzee. Sokoni tulimlilia, hata muuza bata ambaye hajawahi kumlilia mtu. Lakini nilipotia sahihi uvae kanzu ulikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua kila Mwaka Mpya nitakuona na kipara chako kama yai. Safari hii sijui nitakuona wapi.

Sijakataa. Tarehe sita Agosti Chura anatimiza mwaka. Njoo kwanza, au basi nisubiri.

Dada yako,
Thoa

Sa Đéc, 7 Agosti 1963

Khiêm mdogo wangu,

Hukuja. Natumaini ni kazi tu, si ugonjwa. Sisi wazima.

Jana tulimwogesha Chura, tukamweka mkekani mbele ya sinia achague kazi yake ya ukubwani. Nilipanga mkasi, kioo, kalamu, bonge la udongo na donge la wali wa kunata. Lực akawa anausogeza udongo, awe mkulima. Wifi yangu akausukuma nyuma, akamuuliza anataka mtoto naye anuke tope kama yeye.

Pembeni niliweka karatasi yako. Chura akaipita kalamu, akaupita mkasi, akaichukua karatasi, akaitia mdomoni. Watu wakacheka. Nilipoitoa ilikuwa uji, na pale pa kutia sahihi hapapo.

Sitakudanganya. Chura hula kila karatasi, juzi juzi amekula kalenda. Niliiweka nikijua. Mwambie mkuu wako hivyo: dada yako amekataa, tena amekataa kwa mdomo wa mwanawe kwa sababu wake ulikuwa unatetemeka. Ukitaka kunikasirikia, njoo unikasirikie hapa. Nitakupikia tambi zisizo na nyama.

Dada yako,
Thoa

Sa Đéc, 25 Septemba 1963

Khiêm,

U mzima? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Wanasema askari waliingia mahekaluni wakawachukua watawa. Tena wanasema wengine wamejichoma, majina hawayajui.

Chura anasimama sasa, ameshika nguo yangu. Nimemwambia mjomba yuko njiani. Andika neno moja tu, "nipo", linanitosha.

Dada yako

Saigon, 12 Novemba 1963

Dada Thoa,

Nipo.

Nimekaa kizuizini wiki kumi, nimekonda, ila mzima. Serikali ile imeanguka na bendera zetu zinapepea tena. Wenzetu waliokwenda kwa moto nawataja kila asubuhi.

Barua yako ya Chura ilinifika siku mbili kabla hatujakamatwa. Nilikasirika sana. Nikampelekea mkuu, nikijua atakulaumu. Akaisoma, akacheka mpaka akashika mbavu, akanirudishia akisema, "Familia imejibu." Nikalia kwa hasira mbele yake.

Nilikuwa nayo kizuizini, ndani ya kanzu. Siku moja niliisoma tena, nikacheka pale kwenye kalenda. Wenzangu wakataka kujua, nikawasomea, na tangu hapo wakawa wananiuliza Chura amekula nini leo. Bado sijui kama ulinitendea haki, dada. Ninachojua ni kwamba nilianza kutaka kumwona.

Mkuu amenipa ruhusa ya wiki mbili. Nitafika Jumapili. Vitabu vya sala ninavyokuja navyo ni vya hekalu, hivyo andaa rafu ya juu.

Mjomba wake Chura