Sarafu za Tembo, Duma na Kifaru: Maelezo ya Lilian Kyaruzi

KITUO CHA POLISI, BUKOBA
17 Juni 2025

Jina: Lilian Kokubanza Kyaruzi. Umri: miaka 43. Kazi: mwalimu wa historia, sekondari. Dini: Mlutheri. Makazi: Rwamishenye.

Swali ninaloshindana nalo tangu matanga ya baba ni hili: je, mtu akinyamaza msibani, huwa ametoa kilicho chake?

Mwaka 2006, siku ya mahafali yangu ya chuo kikuu, marehemu baba, askari wa wanyamapori mstaafu, alinipa sarafu tatu za dhahabu za ukumbusho: ya tembo, ya duma na ya kifaru. Kaka yangu Josia ndiye aliyezipitisha kwa wageni wazione. Niliziacha ndani ya kiboksi chake katika kabati la baba, Muleba, kwa kuwa niliishi nyumba ya kupanga.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, saa 8:00 mchana, tulimaliza matanga. Josia alitangazwa omusika, yaani mrithi mkuu. Kabla ya kumkabidhi ufunguo, Mzee Mushumbusi wa ukoo wetu aliuliza mara tatu, kama ilivyo desturi: "Mwenye kitu chake ndani ya nyumba hii aseme sasa." Nilinyamaza. Niliona aibu kutaja dhahabu mbele ya watu waliokuja kumlilia baba.

Leo saa 4:20 asubuhi, Hamidi, sonara wa hapa mjini, alinipigia simu. Alisema kwa heshima ya Kihaya, "Mwalimu, waitu, kaka yako ameniletea wanyama niwayeyushe, anataka pete za harusi ya binti yake. Tembo na duma wamekwisha. Nimemshika kifaru, nikaona jina lako ndani ya kifuniko cha kiboksi."

Nilifika dukani kwake saa 4:45. Josia alikuwa kwenye benchi, anakunywa chai. Nilimuuliza kama amesahau mahafali yale.

"Sijasahau, Mwalimu," alijibu. "Mzee aliuliza mara tatu. Wewe unayelipwa kwa kusema, ulikuwa unatafuna nini?" Kisha akacheka. "Hao wanyama wamekaa kabatini miaka kumi na tisa, hata ndama mmoja hawajazaa!"

Sikumpiga. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu nilitaka kumpiga. Hamidi alinionyesha kipande cha dhahabu kisicho na pembe wala madoa, bado cha moto. Sarafu ya kifaru alikataa kumpa yeyote kati yetu. Ameileta mwenyewe kituoni. Naomba isiguswe hadi shauri liamuliwe.

Siwezi kuapa kwamba huu ni wizi. Josia alijua sarafu ni zangu, na hilo sitalisamehe. Lakini desturi ninaijua, na swali la Mzee nililisikia mara zote tatu. Kama baba aliwahi kumwambia Josia neno jingine, sijui, na wa kunijibu tumemzika.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: L. K. Kyaruzi

Yameandikwa nami, Koplo Sumaiya, saa 6:10 mchana. Shahidi aliomba sentensi inayotaja wizi ifutwe, kisha akaomba ibaki. Imebaki.