Shangazi Si Mwajiri

Elerai, Arusha
9 Februari 2025

Shangazi Hanna,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo wote, kuanzia kwako: nimenunua begi lenye magurudumu manne. Limesimama sebuleni, wageni wanalisalimia kabla yangu.

Sisi wazima, ukiondoa mgongo wa Baba. Huko baridi inasemaje? Neno langu ni fupi. Nimechoka kufagia vumbi la mbugani kwenye injini za magari ya watalii. Nataka kuja Ulaya, nifanye ufundi huko. Baba anasema hilo si gumu: wewe uko huko tayari, unanidhamini, nakuja.

Mwanao,
Bariki


23 Februari

Mwanangu Bariki,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu yananung'unika. Mpe kaka Abdiel pole ya mgongo, ingawa hajaniuliza hali tangu afunge mfereji, maji yasifike shambani kwangu.

Sasa sikiliza. Viza ya kazi haidhaminiwi na shangazi. Anayedhamini ni mwajiri, tena yule mwenye kibali cha serikali. Mimi muuguzi nimedhaminiwa na hospitali. Siwezi kumdhamini hata paka. Kuna orodha mbili mtandaoni, bure: ya waajiri wenye kibali, na ya kazi zinazokubalika pamoja na mshahara wake wa chini. Mwajiri akikutaka, anakupa namba ya cheti cha udhamini, ndipo unaomba viza. Ukiacha kazi yake, viza nayo inakuacha. Akitaka kukuuzia hicho cheti, kimbia.

Soma zote mbili.

Shangazi yako,
Hanna


16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nilipanda nyumbani mlimani, nikamsomea Baba barua yako yote, hata pale ulipotaja mfereji. Akasema, "Hanna hajashindwa. Hanna ana kinyongo."

Mama akamwambia, "Baba Bariki, si amesema mwajiri?"

"Mwajiri gani! Huo ni mfereji unaongea."

Kesho yake alikata jani la isale, akalipiga fundo, akampa Mchungaji Ephraimu anayekuja huko mkutanoni. Unajua mila zetu mwenyewe: ukiombwa msamaha kwa isale, hukatai. Kwa hiyo kwa hesabu ya Baba, viza imeshatoka.

Mimi nimepata gereji ya malori iliyomo kwenye orodha. Wataniona kwa video.

Mwanao,
Bariki


6 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Isale limefika, limekaukia ndani ya Biblia ya Mchungaji. Nimelia jikoni, kisha nikampigia kaka. Tumeongea mpaka chai ikapoa. Nimemsamehe, naye ameahidi kufungua maji. Mwisho akauliza, "Sasa Bariki anaondoka lini?" Nikamwambia isale limenifikia mimi, halijafika uhamiaji. Hakucheka.

Gereji wanasemaje?

Shangazi yako,
Hanna


11 Mei

Bariki,

Uko salama? Mbona kimya? Kaka amenipigia, anasema kanisani wameshakuombea safari njema, na mama yako anakufumia sweta. Nijibu, hata kama ni neno moja.

Shangazi


1 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Sote wazima. Maji yanafika shambani kwako. Migomba imenyanyua vichwa, na Baba anaipitia kila asubuhi kama yake.

Usaili ulikwenda vizuri. Yule bwana aliniuliza habari za gia boksi, nikamwelezea mpaka akasahau maswali mengine. Akasema angenichukua hata kesho. Kisha akasema ngoja, akafungua ile orodha ya pili, ya kazi zinazokubalika. Mimi nilisoma ya kwanza, nikaona jina la gereji, nikafurahi, nikaishia hapo.

Baba bado sijamwambia. Jana aliniuliza tena kama umeshasaini.

Fundi magari hayumo.

Mwanao,
Bariki