Kivuli Kwenye Kona ya Runinga

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili asubuhi, tarehe 17

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Naomba zikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kiwe kimekuachia. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini bado ana nguvu ya kugombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue yuko vizuri.

Usishtuke kuona karatasi. Nimeshindwa kukueleza haya kwa simu, maana kila ukipiga nakuwa nimeshaandaa sauti ya uongo. Jumamosi ile ya wiki mbili zilizopita uliponiuliza runinga inaendeleaje, nikakujibu "Iko poa kabisa", nilikuwa nimelala kifudifudi, jicho moja limefunikwa, na Mama amenishika bega nisije nikalia ukasikia. Nisamehe. Sasa kaa chini nikueleze.

Runinga uliyotununulia ililetwa Jumatatu ya wiki ile. Ulikuwa umenituma niikague picha, sauti na mambo yake mengine yote kabla siku za kubadilishiwa dukani hazijapita, na unanijua, ukinipa kazi siifanyi nusunusu. Nilifunika cherehani mchana kweupe, nguo za watu zikiwa bado hazijapigwa pindo, nikafuta miwani, nikaketi na daftari.

Kaka, picha ile ni balaa. Nyasi za uwanja wa mpira unaweza kuzihesabu. Msomaji wa habari nilimwona poda ilipoishia shingoni. Nyeusi yake ni nyeusi kweli, si kile kijivu cha runinga yetu ya zamani, na ukikaa pembeni rangi hazififii. Mama akajaribu kuiamuru kwa mdomo, kama ulivyosema inawezekana. Akaiambia kwa adabu zote, "Tafadhali niwekee taarifa ya habari," ikamletea watu wanapigana mieleka. Akaitazama mieleka mpaka mwisho, tena akichagua upande.

Siku ya pili nikaona vinyuzi vyeusi kwenye kioo. Nikadhani ni nyuzi za kazini, maana hizo hunifuata hadi kwenye sahani. Nikachukua kitambaa laini nikafuta. Havikutoka. Baadaye kukawa na mwanga unamulika upande wa kushoto na kuzimika, kama mtu anayepiga picha kwa kujificha. Nikaandika daftarini: "Inamulika yenyewe."

Siku ya tatu, kona ya chini kushoto, pakawa na kivuli. Kijivu, kimepinda kama pindo la pazia. Nikamwita Mama. "Mimi sioni kitu," alisema. Nikajisemea moyoni, macho ya uzee hayo. Yaani nilimhurumia yeye!

Alhamisi nikapiga simu dukani kwa ukali, wakamtuma fundi wao. Ni bwana wa makamo, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na flashi yenye picha za kupimia: kioo chote cheupe, chote chekundu, chote cha kijani, kisha mistari myembamba iliyonyooka juu chini na kulia kushoto. Kila picha nikamwonyesha kivuli. Akaweka kiganja chake pale.

"Hapa, dada?"

"Hapohapo. Hukioni?"

Akachukua rimoti akaizima runinga kabisa. "Sasa tazama ukuta ule," akasema.

Kaka, kivuli kilikuwa ukutani. Kona ileile, pindo lilelile. Nikageukia dirisha, kikaenda nami dirishani.

Fundi akaniambia nizibe jicho la kushoto. Kila kitu kikawa safi. "Sasa ziba la kulia." Nikaziba. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kushoto kwangu. Nilimwona uso na mabega tu. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuwepo. Nilikuwa nasikia bangili zake zikigongana na mikono siioni. Nikapiga kelele, na sikumbuki nilisema nini.

"Runinga yenu haina ugonjwa wowote," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada, nenda hospitali leo. Si kesho. Marehemu baba yangu aliona kivuli hivihivi, akasema kitapita." Akatupakia kwenye gari lao la kusambazia mizigo, Mama kakaa mbele, mimi nyuma katikati ya majokofu mawili. Njia nzima nilikuwa naziba jicho na kuzibua, naziba na kuzibua, nikipima kama pazia limepanda. Lilikuwa linapanda.

Daktari wa macho ni mwanamke, mfupi, haongei sana. Alinitia dawa ya matone, akanimulika kwa taa iliyonitoa machozi, akatazama muda mrefu mno. Mwisho akasema utando wa nyuma ya jicho umechanika na unabanduka, kama karatasi ya ukutani iliyopata unyevu. Ukibanduka hadi katikati, jicho huenda lisirudi kama lilivyokuwa. Upasuaji kesho asubuhi.

Nikamwambia mimi ni mshonaji. Nilimwambia mara tatu, kana kwamba kuna dawa nyingine ya washonaji. Mama akanivuta karibu yake. "Nimekuzaa na macho mawili," alisema, "na mawili hayo nitarudi nayo nyumbani."

Sikujua kwamba wanakupasua ukiwa macho. Walinitia ganzi jichoni, wakanifunika uso, ila masikio waliniachia. Nilisikia vyuma. Nilimsikia daktari akiomba kitu, kisha akakiomba tena kwa haraka. Nilikuwa na hamu ya kuuliza "Kuna nini?" lakini waliniambia nisitikise hata kidevu. Nikazishona nguo zote za wateja akilini, mshono mmoja baada ya mwingine, nisije nikaruka mezani nikakimbia.

Walipomaliza wakajaza jicho hewa maalumu ya kuusukuma ule utando ushike tena nyuma ya jicho, wakaniamuru siku saba nisiinue uso. Nile nikitazama sakafu, nilale nikitazama sakafu. Kwa hiyo kuhusu sauti ya runinga, hakuna anayeijua kunishinda, maana wiki nzima niliisikiliza bila kuiona. Besi yake ni nzito, vikombe kabatini vinatetemeka. Muziki ukianza humeza maneno ya watu, mpaka Mama alipogundua kuna mahali pa kupandisha maneno peke yake. Mvua ikinyesha kwenye filamu, utataka kuanua nguo.

Usidhani nilikuwa nacheka. Hofu ile sikuwahi kuijua. Nikifumbua jicho lile naona maji yanacheza tu, meupe, kama mtu aliyezamishwa kwenye karai. Nilikuwa nalala nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda. Mama akitoka kwenda jikoni namwita, nikimsikia ananijibu namwita tena.

Siku ya nane daktari aliinua vidole mbele ya jicho. Nikahesabu viwili. Akainua vingine, nikasema vinne. Akanimulika, akaguna, kisha akasema neno moja: "Umeshika." Mama aliketi chini palepale sakafuni, wauguzi wakadhani ameanguka.

Utando umeshika, na juzi ameutazama tena, bado umeshika. Lakini sitakudanganya tena, Kaka. Kwa jicho hilo fremu ya mlango haijanyooka, inajipinda katikati kama kitambaa kilichovutwa vibaya. Daktari anasema tungoje miezi mitatu ndipo tujue nimebaki na nini. Kila asubuhi nautazama mlango. Bado naogopa.

Sasa sikiliza, maana ndiyo sababu ya barua hii. Daktari aliniambia macho ya watu wenye miwani mizito kama yangu hupatwa na jambo hili kirahisi zaidi. Kisha akauliza, "Katika familia yenu, nani mwingine ana miwani ya namna hii?"

Mama na mimi tulitazamana. Hatukuhitaji kutaja jina.

Nenda ukapimwe. Wiki hii, si ukipata nafasi. Nimekaa na hofu moja karibu wiki tatu, na ya pili imenikalia tangu alipouliza vile. Nikiwaza wewe unaendesha lori barabara ndefu zile, jasho linanitoka.

Msalimie sana wifi yangu, umsomee barua hii yote bila kuruka mstari, naye akushike mkono akupeleke. Wabusu watoto, hasa yule mwenye pengo anayeniita Shangazi Sindano. Mama anakuombea, anasema Mungu akutangulie kila uwashapo gari na akurejeshe salama.

Na usinijibu kwamba umeshakwenda kama hujaenda. Uongo wa nyumba hii nimeumaliza wote mimi.

Mdogo wako akupendaye, na anayengoja majibu yako kwa wasiwasi,

Kifungo