Shati Lililosimamishwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshinda nikipangusa vumbi kwa brashi. Makumbusho yetu hapa Kakamega ni madogo. Mhifadhi ni mimi tu. Cha mwisho kilikuwa shati jeusi lenye nembo ya kucha nyekundu kifuani. Sare ya lile genge lililofukuza watu Lugari kwa sababu ya kabila. Mama Rasoa wa Lumakanda aliliokota kwenye mahindi yake, asubuhi baada ya mumewe kuuawa. Akalitunza miaka yote hii. Aliponikabidhi alisema tu, "Watoto wajue." Tumeivalisha sanamu, ile ya kuonyeshea nguo madukani. Limeitosha kabisa. Silipendi.

Alhamisi, 6 Machi
Wageni wengi. Mkurugenzi anafurahi. Mchana vijana watatu walisimama mbele ya shati, ngumi juu, wakapigana picha. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Jumamosi, 8 Machi
Picha zimeenea kwenye simu. Mtu ameandika chini yake: tutarudi. Nimemwambia mkurugenzi tulitoe. Anasema tukilificha, wanaodai genge halikuwepo watakuwa wameshinda. Kuna ukweli hapo, na ndio unaoniudhi. Nimelivua hata hivyo. Ananitaka Jumatatu nijieleze.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nazunguka tu nyumbani, mtaa wa Shieywe, kutoka dirisha hadi dirisha. Obusuma, ugali wetu, umepoa mezani. Mwishowe nikampigia Mama Rasoa, nikamweleza yote. Nilingoja matusi. Badala yake akasema:
"Mimi nililipata limelala kwa matope. Ninyi mkalisimamisha kama mtu."
Aibu. Nikauliza kama tulichome.
"Hapana. Nakuja kesho."

Jumatatu, 10 Machi
Alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani, koti la kahawia la marehemu mumewe, la kuendea sokoni. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, hakubisha. Mimi hakunitaka nijieleze tena.
Shati sasa limelazwa kwenye sanduku la kioo, chini, usawa wa magoti. Lazima uiname kuliona. Kando yake tumeandika lilipookotwa, na jina la mwanamume aliyeuawa usiku huo.
Sanamu imevaa koti. Linapwaya mabegani. Nilikuwa nimefunga vifungo vyote. Mama Rasoa akasogea, akanyoosha kola polepole.
"Hiki cha juu hakuwanga anafunga," akasema.
Akakifungua.